Anitha Alivyomuuguza Shangazi Yake Kibaoni

Sitalike, Katavi

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, maharage yapo motoni, kwa hiyo ukiona mwandiko umekatika katikati ujue nimeinuka kuongeza maji. Huku sisi ni wazima. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Njombe? Na ile dawa ya kuchua aliyokuletea dada, unaipaka kweli au imekaa tu kabatini?

Kwenye simu nilikuambia kwamba wifi Leokadia amefariki na tumemzika, basi. Sikusema zaidi kwa sababu nyie huko mkipigiwa mnaweka spika, nyumba nzima inasikiliza. Haya ninayoandika ni yako wewe. Dada akikusomea, afunge mlango kwanza.

Ugonjwa huu wa corona ulipoingia, watalii walikoma kuja. Kambi anayopika Festo ikafungwa, wapishi wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri kuitwa. Siku chache baadaye shule nazo zikafungwa. Tukawa wote ndani kutwa nzima, Festo, mimi, Anitha na kitindamimba wetu Samweli, niliyekuwa ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Mahindi yalikuwa yamebaki gunia moja, nalo limeshafunguliwa.

Leokadia, dada yake Festo, alikuwa mjane. Aliuza chakula sokoni Kibaoni na kulima mpunga kidogo, akiishi na binti yake Tekla wa miaka mitatu. Akapiga simu kwamba anatafuta mtu wa kumsaidia wakati wa mavuno. Festo akasema, "Anitha aende. Shule hakuna, na kule wali haukosekani." Nilikubali haraka kuliko ilivyonipasa. Anitha nikamwambia anakwenda kumsaidia shangazi yake. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Ana miaka kumi na tatu, na mtoto anayekua anakula kama mtu mzima.

Majuma ya mwanzo alikuwa akipiga simu na kusimulia habari nyingi. Baadaye akawa anasema tu, "Tupo salama," na kukata. Nilidhani ni vocha.

Habari niliipata kwa mama mmoja anayenunua mchele Kibaoni na kuupeleka Mpanda mjini. Basi liliposimama hapa alishuka kunitafuta. Alisimama mbali, upande wa khanga ameushikilia mdomoni.

"Mama Anitha, wifi yako ana siku tisa hajatoka ndani. Anakohoa, watu wamemwogopa. Anayemhudumia ni mwanao, peke yake."

Nikaingia ndani kufunga nguo zangu mbili. Festo akanifuata.

"Ukienda utarudi nao ugonjwa kwa huyu mtoto."

"Na yule wa Kibaoni si mtoto?"

"Basi niende mimi. Ni dada yangu."

"Dada yako anahitaji kuogeshwa. Utamwogesha wewe?"

Akamchukua Samweli mgongoni mwangu, nami nikapanda basi lililofuata.

Kibaoni jirani wa Leokadia alinionyesha nyumba kwa kidole, bila kutoka barazani kwake. Anitha nilimkuta uani, amejifunga kitambaa usoni, anachemsha majani ya mwarobaini na mchaichai ya kumfukiza shangazi yake. Nilidhani atanikimbilia. Alinyoosha mkono.

"Mama, ishia hapo hapo. Usiguse kitu. Nawa kwanza, ndoo ile pale."

Nilinawa. Nilimtii kama ninavyokutii wewe.

Kila kitu alikuwa amekipanga. Tekla alimhamishia jikoni, analala huko na kuwekewa chakula kizingitini. Sahani na kikombe cha mgonjwa alivitenga, shuka alizichemsha. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema alisikia redioni.

"Mbona hukunipigia ukasema?"

"Shangazi alinikataza. Alisema mkija mtakufa nyie wote."

Leokadia alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Alinitambua. Alitaka kusema neno, pumzi ikamkatalia. Jioni ile nilimpata dereva wa bajaji aliyekubali kutubeba, tukampeleka kituo cha afya. Walimpokea vizuri na walifanya walichoweza. Siku ya tatu asubuhi akafariki. Kama ilikuwa corona au kifua kingine, sikuambiwa, wala sikuuliza. Isingebadilisha kitu.

Mazikoni tulikuwa watu wanane tu. Festo alikuja, akasimama ng'ambo ya kaburi, tukatazamana tu. Katekista alisoma haraka haraka. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na mtu wa kulala msibani. Mwanamke aliyelisha soko zima amezikwa na watu wanane. Baada ya hapo mimi, Anitha na Tekla tulikaa nyumba ile wiki mbili bila kuonana na watu, mpaka tulipojiona hatuna homa, ndipo tukarudi Sitalike.

Tekla sasa ni wetu. Ananiita Mama, sijamkataza.

Shule zilipofunguliwa Anitha alirudi, lakini hakurudi yule niliyemtoa. Alikuwa ananawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Samweli akikohoa, anaacha kula na kumkodolea macho. Darasani alikataa kukaa dawati moja na wenzake, mwalimu wa darasa akaniita. Ni mama mtu mzima. Nilikwenda nimejiandaa kuomba msamaha, lakini akaniambia, "Huyu si mkaidi. Huyu amechoka. Mwacheni." Akampa dawati la peke yake karibu na dirisha, akawaambia wenzake wasimuulize maswali. Ilichukua zaidi ya mwezi. Siku hizi anakaa na msichana mmoja, na mikono inaanza kupona.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Dada ameniambia unataka Anitha aje akae kwako asome huko, kwa kuwa nyumba yetu imeongezeka mtu. Mama, mimi nilifurahi. Festo naye alifurahi. Jumamosi, tukiwa tunachambua mchele mimi na Anitha, nikamweleza.

Akauliza, "Mnanipeleka tena?"

"Bibi yako anakutaka."

"Kibaoni mlinipeleka ili chakula kitoshe?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Ndiyo."

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, moja moja. Kisha akasema, "Ungeniambia tu. Ningekula kidogo."

Nilikaa pale mpaka mchele ukaisha. Halafu nikamuuliza kitu ambacho safari ile sikumuuliza.

"Unataka kwenda Njombe?"

"Hapana."

"Basi huendi."

Kwa hiyo Mama, usinikasirikie, Anitha haji kukaa. Festo ameanza kuitwa kambini siku chache chache. Tukishiba tutashiba wote, tukikosa tutakosa wote. Atakuja kukusalimia likizo, tutakuja naye, na tutarudi naye.

Nisalimie baba mdogo Yohana na viazi vyake, mama mkubwa Eliza ambaye najua ananiombea, na shemeji, mume wa dada. Mwambie dada asante kwa kukusomea, na sasa anaweza kufungua mlango.

Nilimpa Anitha kalamu aongeze neno lake hapa chini. Amesema kwa sasa hana la kusema, ila niandike kwamba anakusalimia. Nimeandika.

Mwanao,
Suzana, mama Anitha na Samweli na Tekla