Cherehani ya Bwana Uwesu

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Agosti 1976

Kwa Dada yangu Severa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Masasi, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi ni mzima, tena nang'aa. Usicheke mwandiko wangu. Darasa la sita nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe.

Hapa Kariakoo ukiuliza winga wa kulia ni nani, hata muuza kahawa atakuonyesha mlango wetu. Zamani timu ya Bwana Uwesu, mwenye duka la jumla, ilikuwa inachota kila mchezaji mzuri. Huyu kapewa baiskeli, yule kitenge cha mkewe. Ikawa inafunga watu mabao kumi, na watazamaji wakaacha kuja. Nani atoke nyumbani kwenda kuangalia mbuzi akichinjwa?

Mwaka huu kamati ya ligi imeweka kipimo kimoja. Kila mchezaji, awe wa matajiri au wa wachukuzi, anapata nauli na kipande cha sabuni kwa mechi, basi. Anayepokea cha pembeni anafutwa, na timu iliyomchezesha inanyang'anywa mechi. Mabalozi wa nyumba kumi ndio wanaochungulia majumbani. Wetu, Mama Kijakazi, aliniona na viatu vinavyometa akanihoji kama mwizi, hadi fundi wa Ilala alipokuja kuapa kwamba ni vilevile vya zamani, katia soli tu.

Lakini mpira umekuwa mtamu, Dada! Hakuna tena mnyonge. Sisi wa timu ya wachukuzi, tuliokuwa tunaitwa magunia, tumefika fainali, Jumamosi ya wiki ijayo, pale Mnazi Mmoja, na hao hao wa Bwana Uwesu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alinikaribisha dukani akanisifu, nami ukinisifu mdomo haufungi. Nikamwambia dada yangu anashona kwa mkono gauni ambalo mafundi wa Kariakoo na cherehani zao hawaliwezi. Akauliza, je, akiipata cherehani? Nikacheka, nikasema ampelekee basi, nani anamzuia. Nikamtajia jina lako na nyumba yenu. Nilidhani ni soga.

Jana kaniita tena. Cherehani ya miguu iliondoka wiki iliyopita kwa lori, jina lako juu ya kasha. Akanong'ona kwamba Jumamosi nisijichoshe, na msimu ujao nivae jezi yake. Nilipokataa hakukasirika. Aliuliza tu kamati itaamini nini, dada wa kijana asiye na kazi akikutwa na cherehani mpya. Yeye atasema aliiuza tu, na pesa nilizitoa wapi nijibu mimi.

Tangu hapo wenzangu wananiuliza kama nimefiwa.

Asubuhi hii nimemweleza kapteni wetu, Augustino, yote. Nilitega shavu, hakunipiga. Alisema cherehani ikirudi kabla ya mechi, tukamrudishia Bwana Uwesu mbele ya Mama Kijakazi, nitacheza. Isiporudi, atanipeleka kwenye kamati yeye mwenyewe kabla filimbi haijapigwa, nifutwe mimi, timu ipone. Nimekubali. Jezi yangu ameitundika kwake.

Dada, najua umeshona kwa sindano mpaka kidole kimekufa ganzi. Najua majirani wameshakuja kuitazama, na shemeji amekutafutia pa kuiweka. Kwa hiyo sikuamrishi, na nitakuwa mpumbavu nikikubembeleza. Anayekuletea barua hii ni Shomari, dereva. Atapumzika hapo kidogo, kisha atageuza. Lori likirudi na kasha, nitajua. Likirudi bila kasha, nitakaa nje ya kamba na kushangilia kuliko wote, wasije wakasema nina kijicho. Wala sitakuuliza kitu maisha yangu yote.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama mpe shikamoo yangu, ila haya asisomewe.

Ni mimi mdogo wako mwenye domo,
Marcelino

Kama umeshaanza kushona, niambie tu ulianza na nini.