Nyonga Imepona, Magongo Bado Ninayo

14 Oktoba 2006. Huu ni mwezi wangu wa nane tangu nitoke kwangu Kitale kuja kazini.

Shangazi Rosaline, mpendwa mshauri wa redioni, naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, maana siku hiyo nimepangiwa muujiza na mimi nimeshapona.

Mimi ni mpakiaji wa miwa huku Bungoma, na mwezi wa tano mzigo uliteleza ukanibana kwenye gurudumu la lori, mfupa wa nyonga ukavunjika, nikapelekwa Eldoret nikapasuliwa, wakanitia bamba la chuma na skrubu, nikaambiwa nisikanyage kwa mguu wa kushoto miezi mitatu, na kwa kuwa barabara ya kwetu ni mashimo matupu, mwenzangu wa kazi Walubengo akanipeleka kwa mama yake karibu na Chwele. Mke wangu Wangechi alikuja kuniona, akarudi kulinda shamba.

Sasa Shangazi, huyu Mama Nabwile anajua kupika. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo katika boma hili ni ya mwanamume wa nyumba, anapewa mgonjwa, na Walubengo anaitazama tu ikipita. Juzi akauliza, "Mama, huyu atakula firigisi yangu mpaka lini?" Mama akamjibu, "Mpaka atembee. Kwani wewe umevunjika nyonga gani?"

Ukweli ni kwamba mwezi wa nane yule wa mazoezi hospitalini alinifundisha kukanyaga kidogo kidogo, na mwezi wa tisa nikawa natembea bila kitu, lakini mtu akiingia nashika magongo na kuguna. Kliniki ya mwisho sikwenda, niliogopa daktari aseme nimepona mbele ya Walubengo anayenisindikiza. Wiki jana Mama akiwa sokoni, mbuzi aliingia kwenye sukuma wiki yake, nikamfukuza hadi ng'ambo ya barabara, na niliporudi ndipo nikakumbuka magongo yako chini ya kitanda.

Mama ameona sipati nafuu, amealika mhubiri aniombee mbele ya kanisa, na tayari ameanza kufunga kwa ajili yangu. Na jirani yetu Makokha, aliyepasuliwa nyonga mwezi uliopita, ameniambia, "Wewe ukitupa magongo, bana, na mimi natupa yangu hapo hapo." Nikitembea ni uongo, nisipotembea Mama ataaibika. Nifanye nini? Tafadhali soma barua hii Jumatatu, Mama akiwa Chwele sokoni. Wangechi anataka nikavune mahindi naye, lakini nimemwambia narudi Krismasi.

SHANGAZI ROSALINE ANAJIBU

Ndugu mpakiaji, uliomba nisome Jumatatu. Leo ni Jumatano, na nimesoma polepole. Majina nimeyabadilisha hewani, ila mbuzi na firigisi sikujua nivibadilishe na nini.

Pole kwa ajali. Nyonga kuvunjika si mchezo, wengine hawaamki, na mtu aliyepitia maumivu hayo akizoea kulishwa namwelewa. Lakini wewe uliamka zamani. Mama mzima anashinda njaa ili wewe upone, nawe umeshiba. Huoni haya?

Aibu ya Mama ni ndogo. Anayenitia hofu ni jirani yako wa magongo. Mfupa wake ni wa juzi. Akitupa magongo kwa kukuona wewe, skrubu zitalegea, mfupa utaachana, atarudi mezani kwa daktari, na huenda asitembee tena. Hilo litakuwa lako, si la mhubiri.

Kwa hivyo redio ikizimwa, nenda jikoni kwa miguu yako umwambie Mama. Akikupiga na mwiko, simama upigwe, nyonga itahimili. Kisha nenda kwa jirani huyo, mwonyeshe kovu, mweleze ulivyokaa miezi mitatu bila kukanyaga, na kwamba yeye asiweke mguu chini mpaka daktari wake aone picha ya mfupa. Ijumaa nenda kliniki uliyoikwepa, uulize unaweza kubeba nini. Ukikatazwa magunia, kuna kazi ya kupukuchua mahindi, na hiyo mtu huifanya ameketi. Jumapili mshukuru Mungu kanisani kama watu wengine, na daktari umtaje.

Krismasi siikubali. Na wewe mama unayevuna peke yako huko Kitale, jina lako ninalo ila silitaji: daktari akimruhusu kusafiri, mtarajie Jumatatu jioni.