Joka Lililonata

"Mama Onyuka, mimi siabudu shetani, huo ni udongo wa plastiki!"

"Mbona hilo joka limenishika basi?"

Jacinter, hivyo ndivyo tulivyoamkiana leo mimi na jirani yetu, wapangaji wa plot nzima wakisikiliza mlangoni.

Unga uko kwa debe. Usiguse joka hapo dirishani. Ni lile la mchezo wako wa simu. Nililifinyanga kwa udongo huo wa plastiki, nikalioka vizuri, nikalipaka rangi ya maji, likapendeza. Kisha tamaa ikanishika ling'ae, nikamalizia na rangi ya kucha. Kumbe juu ya udongo huo rangi ya kucha haikauki! Mama Onyuka akainama kuchungulia, kitambaa chake cha kichwa kikaganda kwa mabawa. Alipiga nduru ikafika foleni ya malori, akakiacha hapo, akatoroka.

Sasa maombi ya leo, yaliyokuwa yafanyike hapa kwetu, yamehamishwa kwa jirani Rosebella. Wiki nzima nimefunga madirisha na kuzuia wageni, vumbi la malori lisiharibu rangi, nikijiambia wageni watarudi likikauka. Halikauki, na hawarudi. Nyumba imekuwa seli, mwanangu. Mimi bila watu hata chai haishuki.

~~Litupe chooni.~~ Usilitupe, ni lako. Fungua madirisha yote, vumbi liingie tu. Nimeenda sokoni kutafuta spiriti ya kulifuta.

Mamako

Ngoja, nimekumbuka. Mama Onyuka akienda maombi lazima apite hapa. Simama mlangoni umwite kwa heshima: "Mama, karibu ndani, kuna samaki wa ziwani, wa kutoka Osieko. Kaa ule kwanza."