Feni Kubwa, Bertila

Bertila mjukuu wangu,

Uji wa ulezi uko kwenye chupa. Nimewahi basi la Mpui, nitarudi jioni.

Ulipotoka kwenda misa, fundi Nestory alipita. Kompyuta haijafa, ni feni tu imeungua. Kosa ni langu. Niliifunika kwa kitambaa cha redio ya babu yako nikidhani nazuia vumbi, kumbe naiziba pumzi. Asubuhi uliponifokea, “Bibi, umeniulia kazi!” sikulia. Tangu tumzike babu yako sina machozi. Lakini niliona ulivyokikunja kile kitambaa vizuri, pamoja na hasira zako zote.

Fundi ana feni mbili, pitia leo uchague. Ndogo inazunguka mbio na kupiga kelele. Kubwa inakwenda polepole, na chuma chake cha kupozea kina mapezi marefu kama ya samaki, kwa hiyo inapoza zaidi na haisikiki.

~~Chukua ndogo. Nyumba hii imekuwa kimya mno.~~

Chukua kubwa. Nataka ukiniita nikusikie.

Kitambaa nimekirudisha kwenye redio.

Bibi yako