Kusema kwa Kituruki Kwamba Umekufa

Dada Osmunda,

Shikamoo. Mama bado anakutengea ugali, kisha anaurudisha jikoni.

Tangu tukuzike hapa Liuli sikugusa Kituruki. Kitabu chetu cha kujifunzia kimeandikwa kwa Kiingereza, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea. Unakumbuka nilivyohangaika na "anlamadım"? Nilitafuta "mimi" yuko wapi, kukanusha kuko wapi, maana Kiingereza hutenganisha kila kitu. Ukacheka hadi ukaegemea ukuta. "Stela, wewe si Mwingereza! Hiyo ni 'sikuelewa' tu. Neno moja kwa neno moja."

Juzi nilipanda hadi Mbinga, kwenye mtandao mzuri, na nikiwa stendi nikampigia mwalimu wetu Mturuki, yule wa masomo ya simu. Hakuwa na habari. Akauliza kama kawaida, "Ablan nasıl?" Dada yako hajambo?

Nikajibu, "Ölmüş." Eti amekufa.

Unakijua kiambishi hicho. -müş ni cha jambo uliloambiwa tu. -dü ni cha jambo unalolijua kwa hakika. Siku ulipotutoka nilikuwa Mbinga kwenye usaili wa chuo, wewe mwenyewe ulinihimiza niende, na habari nilipewa kwa simu. Lakini dada, sikukichagua -müş kwa ajili ya sarufi. Nilikichagua kwa kuwa kinaniachia upenyo. Labda wamekosea. Labda ni uvumi.

 Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama nilikuwepo mazishini. Nikasema nilitupia udongo kwa mkono wangu.

"Basi unajua," akasema. "Jaribu tena."

Nikakata simu. Nililia palepale stendi, mama muuza ndizi akanishika bega akidhani nimeibiwa. Nilipotulia nikampigia tena.

"Ablam öldü."

Dada yangu amekufa. Ndiyo mara ya kwanza kulisema, kwa lugha yoyote. Nikamsikia na yeye analia.

Chuo kimenikubali. Nilipomwambia Mama, hakufurahi. "Mmoja amekwenda, na wewe uende?"  Naogopa kumwacha. Naogopa pia kubaki nikiangalia sahani yako.

Nitakwenda, dada. Shangazi amekubali kuhamia kwetu, na kila Jumapili nitapiga simu, hata nikiwa sina la kusema. Nikimaliza nitarudi hapahapa.

Lala sasa. Mama niachie mimi.

Mdogo wako,
Stela