Ulimi wa Mama

Jumatatu, 9 Desemba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kuliandika sijawahi, ndiyo maana mkono unasita. Haya basi. Nataka kukimbia mbio. Si kukimbia mvua, si kukimbia mbwa — mbio za shule, na namba mgongoni.

Nimeandika. Hakuna aliyecheka. (Niko peke yangu chumbani.)

Siku tuliyofunga shule nilikuwa maktaba, dirisha la upande wa uwanja. Mwalimu wa michezo aliwakusanya wakimbiaji wake pale chini. Aliwaambia likizo ndiyo inayowaharibu. Mazoezi kila asubuhi. Sukari wasiiguse — keki, soda, peremende — wala vya kukaanga, mpaka shule ifunguliwe. Siku ya kwanza ya muhula atawapima wote, na asiye kwenye timu akitaka kujaribu, aje. Halafu akasema: mwili hauna siri, ulichokula utakitangaza uwanjani.

Hakuwa akisema na mimi. Mimi ndiye ninayeshikishwa masweta wenzangu wakikimbia. Nimeshika masweta mengi katika maisha yangu! Lakini nilifunga kitabu, hata ukurasa sikuukunja, nikajiambia maneno yale ni yangu pia.

Sasa sielewi. Mtu akitii amri ambayo hakupewa, huo ni utii au ni wizi?

Jumatano, 11 Desemba

Nimepata hila — maziwa!

Kila asubuhi lazima mmoja wetu aende kumnunulia Mama maziwa, na kila asubuhi mimi na kaka tunasukumiana. Jana nilisema nitakwenda mimi, likizo nzima. Kaka akaweka kikombe chini. Alisema Profesa (ndivyo anavyoniita) kuamka bila kuvutwa mguu, dunia imefika mwisho; au huko kwa mama wa maziwa kuna kijana? Nikaona haya, uso ukawaka, na yeye akaamini ni kijana. Basi aamini. Kijana ni rahisi kueleza kuliko mbio.

Nimevaa raba za zamani za kaka alizozitupa chini ya ngazi. Kubwa! Nimezijaza karatasi puani, kule kwenye vidole. Kwenda nazunguka nyuma ya ghala la mbao, napanda kilima, nashuka kwa mama wa maziwa. Kurudi nakimbia na kidumu mkononi. Leo kichomi kilinikamata kilimani, nikajifanya nasoma bango la fundi bomba. Nalijua bango hilo kwa moyo sasa.

Mama alitazama maziwa akauliza mbona yana povu hivi. Nikasema labda ng'ombe alikuwa na haraka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Ijumaa, 13 Desemba

Nilijua siku hii itafika. Nilijifanya sijui.

Mama anapika keki za watu. Mwaka mzima ni moja moja, lakini mwisho wa mwaka ni mafuriko — maofisi, shule za watoto, harusi, majirani. Na tangu mwaka jana Mama ana ugonjwa wa sukari. Muuguzi alimwambia mbele yangu: "Mama, najua huli keki. Lakini unalamba kutwa. Kulamba nako ni kula." Tangu siku ile Mama hapeleki hata ncha ya kidole mdomoni. Anakoroga, ananiita, naonja, namwambia. Ananiita "ulimi wangu." Anaita kutoka jikoni kama anayetafuta miwani: "Ulimi wangu uko wapi?"

Leo aliita. Mabakuli manne mezani.

Nilionja yote manne. Nikameza. Ningefanyaje? Kisha nikatoka kwenda kuzunguka ghala tena, nikajiambia namkimbiza mbwa wa sukari tumboni. Upumbavu mtupu. Halafu nikarudi kwenye kitabu cha sayansi cha kidato cha tatu, na chenyewe kinasema sukari ni nishati ya misuli. Mwalimu anasema isiguswe. Mmoja wao amekosea, na wote wawili wamechapwa kichwani mwangu kwa wino uleule!

Jumapili, 15 Desemba

Nilifikiri nimepata njia. Kuonja si kumeza. Naonja, natoka uani kwenye bomba, natema, nasukutua. Ulimi umefanya kazi yake, tumbo halina habari.

Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Mara ya tatu nilipoinua kichwa, Mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alirudi ndani akaliangalia bakuli kama mtoto aliyeanguka mtihani. Akaniuliza rojo lina nini. Nikasema halina kitu. Akasema, "Mwanangu, chakula kizuri hakitemwi. Niambie tu. Mimi siwezi kujua."

Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja! Badala yake nikasema labda chumvi imezidi.

Chumvi haikuzidi. Rojo lile lilikuwa zuri kuliko yote ya wiki hii. Mama akaongeza sukari, akaongeza maziwa, akaongeza unga, akirekebisha kosa ambalo halikuwepo. Keki ilipotoka kaka alikata kipande akasema hii si keki, ni asali iliyovaa nguo. Mama akacheka, lakini keki hiyo hakuiuza.

Sitatema tena.

Jumanne, 17 Desemba

Sitemi. Wala sionji.

Ni rahisi kiasi cha kutisha. Kijiko kinafika mdomoni, midomo imefungwa, nageuka kidogo kama ninayefikiri, nafuta kwa kiganja. "Tamu, Mama." Anafurahi. Anamimina kwenye kikaango — hapana, kwenye kopo la kuokea, hata maneno yananipotea — anaendelea. Mama amepika keki miaka mingi kuliko umri wangu. Kwani atakosea nini?

Leo alikuwa akikoroga keki ya jirani yetu, mke wa fundi saa, simu ikalia. Mteja mwingine, maneno mengi. Aliporudi alisimama akilitazama bakuli. Aliniambia nionje vizuri hii, hakumbuki kama magadi ameweka au hajaweka, kwa hiyo ameweka tena.

Nikafunga midomo. "Tamu, Mama."

Kilimani leo sikusimama kwenye bango la fundi bomba. Nilipita! Mara ya kwanza! Niliruka pale juu kama mbuzi, kidumu kikanimwagikia. Mbona basi sasa hivi sina raha?

Alhamisi, 19 Desemba

Mke wa fundi saa amekuja mwenyewe. Hakuleta fujo. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliketi, akasifia mapazia, akauliza hali ya miguu ya Mama. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba wageni walikula, lakini, jirani yangu, tusifichane, ilikuwa kama tumekula sabuni.

Mama alisema nisamehe, nitakupikia nyingine leo leo. Mgeni akasema hapana hapana. Mama akasema ndiyo ndiyo. Alipoondoka, Mama akanigeukia.

"Uliionja?"

"Niliionja, Mama."

"Na hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

Akanishika kidevu. Nilifikiri amejua. Kumbe alikuwa akiangalia kama nina homa! Aliniambia pengine mafua yananijia, mafua huua ulimi, nikapumzike. Akanichemshia tangawizi. Nimeinywa yote, bila sukari, nikilia, akidhani ni ukali wa tangawizi.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo hakuniita.

Jumamosi, 21 Desemba

Jana nilifikiri hana keki. Anazo. Leo nilipita mlango wa jikoni nikamwona. Kidole kwenye bakuli, kidole mdomoni. Akafumba macho kidogo. Akaongeza ganda la limau. Kidole tena. Bakuli jingine. Hakujificha, hakuna wa kumficha. Ulimi wake ni mgonjwa, basi ameurudia wake mwenyewe.

Nilisimama pale. Nikasema, Mama, muuguzi alisema — akanikatiza, akasema muuguzi hana keki za watu, na hizi ni siku chache tu, sikukuu zikipita atatulia. Nisiwe na wasiwasi, nipumzike.

Yaani mimi ndiye ninayepumzika!

Kaka aliniuliza uani, huku akifunga maboksi kwenye baiskeli, mbona Mama haniiti siku hizi, nimefukuzwa kazi? Nikasema nina mafua. Akaniangalia. "Mafua gani hayo, kila alfajiri uko nje kama jogoo?" Nikasema niache. Akasema sawa Profesa, nakuacha, lakini jogoo huyo amekonda, na Mama anavimba. Kisha akapanda baiskeli akaenda.

Jumapili, 22 Desemba

Miguu yangu ni myepesi. Leo nimekimbia kilima kwenda na kurudi, na nilipofika nyumbani nilikuwa bado na pumzi ya kuimba. Sijawahi kuwa hivi. Nilitaka kufurahi. Niliingia jikoni nikakuta jagi la maji tupu, na Mama anajaza jingine. Alikunywa akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Halafu akavuta kigoda akaketi, akaanza kukoroga ameketi. Mama hajawahi kukoroga ameketi. Husema keki inajua ukichoka.

Ninazidi kupona na sikuwa mgonjwa. Yeye anazidi kuugua na alikuwa amepata nafuu. Kama tunagawana kitu kimoja, na mimi nachukua sehemu kubwa. Hivyo sivyo mwili unavyofanya kazi, najua, nimesoma. Lakini ndivyo ilivyo jikoni kwetu.

Nikimwambia ukweli, atajua nilimdanganya kuhusu keki ya mke wa fundi saa. Nisipomwambia, analamba. Nikianza kuonja tena, mbio basi. Au si basi? Kijiko kimoja ni sukari kiasi gani? Vijiko vyote? Nimejaribu kufikiri kwa mpangilio kama kwenye hesabu. Kila nikifika jibu, swali limebadilika.

Jumatatu, 23 Desemba, asubuhi

Nimekutana na Twiga!

Twiga ndiye wa kwanza kwenye timu, miguu inaanzia mabegani. Masweta mengi niliyowahi kushika ni yake. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka, soda mkono mmoja, pakiti ya biskuti magotini. Nilikuwa nakimbia, kidumu mkononi, raba zinapiga makofi. Nilitaka kugeuka. Akaita.

"Wewe si wa maktaba wewe? Kumbe unakimbia!"

Nikasema nafuata maziwa. Akasema maziwa hayana miguu, mbona nayakimbiza? Nikaitazama soda, na mdomo wangu, ambao huwa hausemi, ukauliza kuhusu amri za mwalimu. Amri zipi, akasema. Nikamtajia, moja baada ya nyingine. Akacheka mpaka biskuti ikamkwama. Alisema, "Zile? Mwalimu huzisema kila mwaka! Dada yangu alikuwa kwenye timu, aliambiwa hizohizo. Nani anaweza kupita likizo bila hata soda? Wewe kimbia tu, ule kama mtu, usishibe kama gunia. Basi."

Kisha akasema njoo siku ya kupimwa. Alisema kwamba nimepanda kilima vizuri. Aliniona! Akaninyooshea biskuti. Sikuichukua. Sijui kwa nini. Nimesahau jinsi ya kuchukua.

Nimetembea kurudi nyumbani. Maziwa hayakuwa na povu.

Kwa hiyo amri ambayo sikupewa, hata waliopewa hawaishiki. Na kwa ajili yake keki ya watu imekuwa sabuni. Je, nimekasirika? Na nani? Na mbona bado najivunia kutochukua ile biskuti?

Jumatatu ileile, alasiri

Naandika nimeketi juu ya ndoo jikoni. Keki ya kwanza iko ndani ya oveni. Mama yuko kwenye kigoda. Niandike ilivyokuwa kabla haijachanganyika.

Nilipoingia alikuwa na keki ya wafanyakazi wa kiwanda, ile ya ngazi tatu. Mabakuli matatu. Jagi tupu pembeni. Miguu yake ilikuwa nje ya ndala kwa sababu ndala zinambana. Alikuwa ameshachota kijiko.

Nikasema, "Mama, usionje."

"Nani aonje?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikakichukua kijiko mkononi mwake. Nikakitia mdomoni, nikafumba mdomo, nikameza. Jamani, utamu! Nilikuwa nimeusahau. Nilisimama pale mpaka ukapungua na vilivyo chini yake vikaanza kusikika: siagi, yai, vanila. Nikasema limau liko mbali sana, halisikiki. Akakwangua ganda, akakoroga, akaninyooshea. Nikasema sasa limefika.

Akamimina. Akafunga oveni. Akarudi kuketi, taratibu, akishika meza. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mafua yamepona."

"Sikuwa na mafua, Mama."

Akangoja. Nikaenda chumbani. Nikapiga magoti, nikazitoa raba za kaka chini ya kitanda, na karatasi zake puani na udongo wake wa kilimani. Nikazileta jikoni nikaziweka sakafuni, kati ya gunia la unga na miguu yake iliyovimba. Nikamwambia ile ya mke wa fundi saa sikuionja. Nikamwambia na nyingine nyingi sikuzionja.

Alizitazama zile raba. Akainama akachomoa kipande cha karatasi puani mwa moja, akakikunjua, akakiangalia, akakirudisha. Sijui alikuwa anawaza nini. Uso wake sikuweza kuusoma, na kusoma ndiyo kitu pekee ninachokijua.

Nikaosha kijiko. Nikachota bakuli la pili, nikaonja, nikameza, nikamwambia sukari imezidi kidogo.