Kwa Eliya, Kuhusu Mfaransa Aliyezimika Makere

Mwanangu Eliya,

Mwidiwe, baba. Nimeanza na salamu ya Kiha makusudi, maana huko Tunduma kwenye malori yako sidhani kama kuna anayekusalimu hivyo. Mimi mama yako niko hapa Kibondo, nimekaa nje kwenye kigoda, mihogo imeanikwa, na dada yako Stefania amekuja kututembelea kutoka kwa mumewe Kasulu. Mimi nasema, yeye anaandika kwenye simu. Mimi niliishia darasa la nne, unajua, lakini nimezaa watu wanaoandika haraka kuliko ninavyoongea. Nimemwambia barua hii aiweke wazi, asome anayetaka. Neno lile ulilisikia mbele za watu, basi na mimi nasema mbele za watu.

Nimechoka, Eliya. Jembe nimelizoea, halinichoshi hivi. Nimechoka kusimama katikati yako na baba yako, huyu ananiuliza habari za yule bila kumtaja jina. "Huko Tunduma mvua imenyesha?" ananiuliza baba yako. Tangu lini amejali mvua ya Tunduma?

Unakumbuka siku ulipolileta lile gari? Yule mzungu uliyekuwa ukimwendesha kule kambi ya wakimbizi Nduta alimaliza mkataba, akarudi kwao Ufaransa, akakuachia gari lake binafsi kwa bei nafuu. Ukaja nalo Jumapili, watu ndio wanatoka kanisani. Nakujua, ile saa uliichagua. Ukasimama mbele ya nyumba, ukazima, na gari likaanza kushuka lenyewe polepole mpaka tumbo likakaribia kugusa udongo. Watoto wakapiga kelele, "Linapiga magoti! Linasali!" Baba yako akaruka nyuma. "Limeharibika tayari?"

Ukacheka. "Hapana, baba. Ndivyo linavyolala. Ukiliwasha linainuka."

Ukaliwasha, likainuka, matako kwanza halafu kichwa, kama ng'ombe. Nilisimama pale na kitenge changu cha kanisani, nikawaangalia akina mama wenzangu mmoja mmoja.

Ukamwambia baba yako, "Litakaa hapa nyumbani. Mimi nikija ndilo gari langu, nikiwa sipo mtembelee nyinyi." Tangu siku hiyo hatukuliita gari tena. Tuliliita Mfaransa, na tukamsema kama mtu. Mfaransa ameamka? Mfaransa ameshiba? Mfaransa leo ana mafua. Laiti tungeliita gari tu kama watu wengine.

Halafu ule ubishi wa kibarazani kwa Mzee Idrisa. Wanaosoma na hawamjui, huyu ni muuza duka wetu hapa mjini, asili yake Tanga, mtu wa maneno mengi na mizani yenye wasiwasi, na yeye ana gari la Kijapani la siku nyingi ambalo halina hata kioo kizima. Ulikuwa hujakaa vizuri kwenye benchi lake, anaanza.

"Eliya, umenunua gari au umenunua maradhi?"

"Umewahi kulipanda, mzee wangu?"

"Mimi sipandi kitu kinacholala kabla yangu. Na spea utapata wapi? Mjapani akikatika kitu, Kasulu ipo, Kakonko ipo, hata Gwarama utamkuta mtu anayo chini ya kitanda. Mfaransa akikatika utaandika barua Paris."

"Ndiyo maana hakatiki ovyo."

"Hakatiki kwa sababu hamumwendeshi, mnamwosha!"

Watu wanaanguka kwa kicheko. Na unakumbuka nani alikuwa anakusimamia? Baba yako. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga meza. "Mjapani ni gari la kubebea mihogo, Idrisa. Hili ni gari la kubebea watu." Mimi nilikuwa nimekuja kununua chumvi tu, na nikachomekea langu: "Nikipanda lako mpaka Kasulu kiuno kinaniuma mpaka Jumatano. La mwanangu nalala usingizi, nashtukia tumefika." Mzee Idrisa akasema mwanamke akitetea gari ujue limenunuliwa na mwanawe. Ni kweli. Nilijivuna, najivuna, na sioni haya.

Sasa ile siku. Stefania anaandika huku anavuta pumzi, maana harusi ilikuwa yake.

Harusi ilikuwa Kasulu, kwa upande wa mume, na sisi wa Kibondo tumpeleke bibi harusi. Wewe ndiye dereva. Baba yako, siku moja kabla, akataka akusaidie. Akaniambia, "Twende tukamshibishe Mfaransa, kesho kijana asihangaike." Alikuwa na furaha, mwanangu, anapiga mluzi njia nzima. Tukafika kituo cha mafuta, binti wa pampu akauliza, "Petroli au dizeli, mzee?" Siku zote mafuta ulikuwa unaweka wewe, sisi hatukuwahi kuuliza. Baba yako akashuka, akafungua kile kifuniko, akasoma maandishi yaliyo ndani. Gazole. Akanyanyuka kama mwalimu mkuu. Unajua alivyo na Kiingereza chake alichokiokota misheni alipokuwa anaendesha pikapu yao.

"Binti, soma hapa. Gazole. Ni gasoline hiyo, Kiingereza cha petroli. Jaza mpaka juu."

"Haya, mzee."

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele namwona mume wangu anavyosoma lugha za watu, na nikajisikia mke wa mtu.

Kesho yake ulituendesha vizuri tu, mwanzoni. Halafu Mfaransa akaanza kukohoa. Akapoteza nguvu, akagonga kama mtu anayetwanga, na tulipokaribia Makere akazima, akashuka chini na bibi harusi ndani. Shela jeupe, vumbi jekundu. Wewe ulitoka ukafungua boneti, shati jeupe likawa la gereji. Alikuja yule fundi Mkongomani anayeshinda pale sokoni, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa tu, akakaa chini kabisa.

"Mama yangu! Muliweka esanse? Hii gari inakunywaka mazutu! Gazole ni mazutu, baba, si esanse!"

Kwa lugha yao esanse ni petroli, mazutu ni dizeli. Nilimwangalia baba yako. Alikuwa anaangalia migomba. Wewe ulikuwa umeinama kwenye injini upande wa pili, hukusikia, na mara lori la mihogo likasimama, kila mtu anakimbizana kumpandisha Stefania asichafuke. Ukampa fundi ufunguo, ukapanda. Tukaingia Kasulu juu ya mihogo, tunaimba ili tusilie.

Wakwe walikuwa wamesubiri mpaka kwaya imeanza kukaa chini. Baba mkwe wa Stefania, mtu mwenye utani, akatupokea mlangoni pa kanisa. "Kumbe mpo! Tulidhani bibi harusi amebadilisha mawazo. Si mlisema mnakuja na Mfaransa?" Watu wakacheka. Baba yako suti yake imejaa unga wa muhogo. Wewe ulikuwa umesimama ubavuni kwake, umebeba sanduku la dada yako. Ukafungua mdomo ueleze. Na baba yako, kabla hujasema, akatupa mkono hewani na kusema kwa sauti:

"Aa, huyu haaminiki. Huyu si wa kumtegemea hata siku moja."

Watu wakakuangalia wewe.

Angesema haliaminiki, ingekuwa gari, na yote yangeishia pale. Ile silabi moja tu, mwanangu. Lakini sisi gari tulishalifanya mtu. Na Mfaransa wakati huo alikuwa Makere kwenye vumbi. Aliyekuwa karibu, aliyestahili kuitwa "huyu", ulikuwa wewe. Niliona sanduku linavyoshuka mkononi mwako. Uliliweka chini taratibu, ukalifuta vumbi kwa kiganja, ukaingia kanisani ukakaa nyuma. Ulicheza harusi ya dada yako mpaka mwisho, ulitabasamu kwenye picha zote. Halafu ukapanda basi, na Kibondo hujarudi mpaka leo.

Fundi alimwaga yale mafuta, akabadilisha chujio, na wiki ileile Mfaransa alirudi nyumbani kwa magurudumu yake mwenyewe. Nilikupigia nikakueleza yote, ya kituo cha mafuta na ya gazole. Ukasema, "Mama, la gari nimelielewa. La kwangu je?"

Nikamfuata baba yako shambani.

"Ulimsema nani pale kanisani?"

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia huyu."

"Basi huyohuyo."

"Huyohuyo nani, mzee? Mtu au gari?"

"Mama Eliya, niache nipalilie."

Tangu hapo nimekuapia kwenye simu mara nyingi kwamba alisema gari. Leo naacha kuapa, maana nimechoka na sipendi kuapa kitu nisichokijua. Nimeishi na yule mtu tangu nikiwa binti, na nadhani hata yeye hajui alimsema nani. Alikuwa na aibu, mwanangu. Ameongea Kiingereza kwenye pampu, amemkwamisha binti yake mwenyewe njiani, na mkwe anamcheka mbele ya kwaya. Aibu ilitafuta mahali pa kutua, ikatua kwako. Sikwambii haikuuma. Nilikuona.

Ninachokijua ni cha sasa. Mfaransa bado yuko hapa uani, chini ya turubai. Baba yako haendi naye popote. Lakini Jumamosi anamfunua, anamwasha, anasimama kando kumwangalia anavyoinuka, anasikiliza kidogo, anazima, anamfunika. Nikimuuliza anasema betri itakufa. Kwa Mzee Idrisa bado anakwenda, na ubishi bado upo, lakini wakifika kwenye magari ya Kifaransa yeye anaomba chai. Mzee Idrisa mwenyewe, na domo lake lile, siku hizi anageuza mazungumzo. Aliniambia, "Mama Eliya, sina raha ya kumshinda mtu asiyejibu."

Juzi akaja mtu kutoka Kakonko, mnunuzi wa magari mabovu, anayachinja na kuuza vipande. Amesikia kuna Mfaransa amelala kwa watu. Mimi, nikwambie ukweli, niliposikia ananunua nilitaka auzwe. Nilisema moyoni, likiondoka uani labda na lile neno litaondoka. Nikakaa jikoni, dirisha wazi.

Yule mtu akaanza kumkandia, kama wafanyavyo wanunuzi. "Mzee, haya magari ya Kifaransa ni mzigo. Wenyewe wanasema hayaaminiki."

Baba yako akamwambia, "Hili halijawahi kuharibika. Liliwekewa petroli na mjinga mmoja."

Nikaacha mwiko kwenye sufuria. Eliya, mimi nimekaa na baba yako miaka yote hii, sijawahi kumsikia akisema hivyo.

"Sawa, mzee. Basi nipe bei yako."

"Haliuzwi. Lina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Mwenyewe ni mwanangu. Yuko kazini, ni dereva wa malori makubwa."

Yule wa Kakonko ana mdomo, na habari za watu anazijua. "Yule mkubwa? Nasikia nyinyi hamuongei."

Baba yako akasema, "Kuongea ni kitu kimoja. Kuwa mwanangu ni kitu kingine. Na wewe turubai langu lirudishe kama ulivyolikuta."

Akaingia ndani, akaniomba maji. Nikampa. Akashika kikombe hakunywa, akaniuliza kama Tunduma ni mbali kuliko Mwanza.

Sasa mimi nimemaliza. Sitakupigia tena kukuambia baba yako amesema nini, wala sitamwambia yeye wewe umesema nini. Umri umenipita wa kubeba maneno ya wanaume wawili wenye miguu mizima. Usisubiri akuombe radhi, hatajua aanzie wapi. Atakuuliza habari za mvua. Mjibu za mvua. Kama moyoni bado una hasira, njoo nayo, ulale nayo hapa, chumba chako nimekipaka chokaa upya na godoro ni jipya, hakuna nyumba mtaa huu yenye godoro kama lile. Kama ukitaka kumuuliza alimsema nani, muulize mwenyewe, uso kwa uso, mimi nitakuwa jikoni napika na sitachungulia. Nitachungulia kidogo.

Stefania anasema simu yake inaisha chaji. Anakusalimu. Analia, lakini ameniambia nisiandike hivyo, na anayeandika ni yeye.

Baki salama huko njiani, baba. Ukija, piga honi ukiwa barabarani, wasikie wote.

Mimi mama yako niliyekuzaa, na bado nakusifia kwa kila mtu.